Mgeni Aliyewachorea Wakulima wa Moshi Jengo Lao

Mtu afikaye mjini Moshi, chini ya mlima Kilimanjaro, hulikuta jengo kubwa la ghorofa la K.N.C.U., chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoanza mwaka wa 1933. Wengi hulitazama, lakini ni wachache wamjuao aliyelichora.

Bwana huyo ni Ernst May, aliyezaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka wa 1886. Tangu 1925 hata 1930 alisimamia ujenzi wa mji huo, na maelfu ya nyumba zikajengwa kwa watu wa mishahara midogo. Kisha alikwenda Urusi kupanga miji mipya. Akiwa bado huko, mwaka wa 1933, Wanazi walishika serikali ya Ujerumani wakaanza kuwatesa watu kwa ajili ya ukoo na fikira zao. Bwana May hakuweza kurudi kwao. Mwaka wa 1934 akaja Tanganyika, akanunua shamba karibu na Arusha, akawa mkulima.

Lakini fundi haachi ufundi wake. Baada ya miaka michache alihamia Nairobi akaanza tena kuchora. Vita vilipotokea alitiwa kizuizini kwa kuwa ni Mjerumani, ingawa watawala wa Ujerumani ndio waliomfanya asiwe na kwao.

Alipofunguliwa, serikali ya Uganda ilimpa kazi ya kupanga vilima vya Kololo na Naguru, Kampala. Ramani yake ya mwaka wa 1947 ilikuwa ya ustadi, ila iliwatenga watu: Waafrika wakae Naguru, na mataifa mengine Kololo. Ajabu ni kwamba mchoraji mwenyewe alijua uchungu wa kubaguliwa.

Huko Moshi mambo yalikuwa mengine. Wenye kazi walikuwa wakulima Wachaga, na fedha zilitoka katika kahawa yao. Wakapata jengo la mjini lenye maduka, vyumba vya wageni na mahali pa elimu, ambamo mkulima aliingia kama mwenyeji.

Bwana May alirudi Ujerumani, akafa Hamburg mwaka wa 1970. Mkono uliochora Kampala na Moshi ulikuwa mmoja. Aliyetoa amri ndiye hakuwa mmoja. Basi, ndugu msomaji, ramani hufuata neno la mwenye nyumba. Wakulima wakiunganisha senti zao, nao watasikilizwa na fundi.