"Bwana" au "Rais"? Namna wagombea wanavyoitana katika mdahalo

Tarehe 28 Aprili 1988, siku chache kabla ya duru ya pili ya uchaguzi wa Ufaransa, Rais François Mitterrand na Waziri wake wa Kwanza, Jacques Chirac, waliketi ana kwa ana mbele ya kamera. Walikuwa wametawala pamoja tangu 1986, kila mmoja na chama chake. Nimetazama mdahalo huo mara nyingi. Mambo ya uchumi huwa nayasahau, sehemu ninayoingojea ni ile ya majina.

Mitterrand alikuwa akimwita mwenzake "Bwana Waziri wa Kwanza". Chirac akachoka. Akasema kwamba jioni ile yeye si Waziri wa Kwanza wala Mitterrand si Rais: ni wagombea wawili walio sawa, basi atamwita Bwana Mitterrand. Mitterrand akamjibu kwamba amesema kweli kabisa, "Bwana Waziri wa Kwanza".

Hapa sentensi inakubali, cheo kinakataa. Kwa kuwa wote wawili wanatumia "vous", kiwakilishi hakiwezi kuwatofautisha. Uzito wote unaangukia cheo. Na cheo, kwa kawaida, ni heshima. Mtu akikuheshimu hivyo mbele ya taifa zima amekuweka chini yake, nawe huwezi kulalamika kwamba umetukanwa.

Tena, mnamo 1981 Mitterrand huyohuyo alikuwa upande wa pili. Rais Valéry Giscard d'Estaing alipomuuliza kuhusu thamani ya sarafu ya Ujerumani, alijibu kwamba yeye si mwanafunzi wake, na kwamba pale Giscard si Rais bali ni mtu anayebishana naye tu. Ni hoja ya Chirac, miaka 7 kabla ya Chirac!

Sisi tulikaribia kupata mfano wetu. Mwaka 2006 Joseph Kabila alikuwa Rais, Jean-Pierre Bemba mmoja wa Makamu wake wanne, na duru ya pili ya tarehe 29 Oktoba ikawakutanisha. Mdahalo wao wa ana kwa ana haukufanyika. Tangu 2011 Katiba inataka duru moja tu, kwa hiyo mdahalo wa watu wawili umekosa hata siku yake.

Je, kwa Kiswahili wangeitanaje? "Mzee" lilikwisha kuwa jina la Laurent-Désiré Kabila, na kwa kijana lingekuwa kejeli. "Muheshimiwa" linamfaa kila mtu, yaani halisemi kitu. "Wewe" peke yake, masikioni mwangu, ni ugomvi.

Niliwaomba wanafunzi wenzangu wawili waigize, mmoja Rais, mwingine Makamu. Baada ya muda mfupi Makamu aliacha kumwita mpinzani wake kwa jina lolote; akawa anamgeukia mwongozaji na kusema "mwenzangu amedai hivi, mwenzangu amesahau vile". Nilidhani amepata neno la usawa. Rais akamkatiza: "Mwenzako huyu ndiye aliyekuteua."