Je, Wajua? Wazee wa Buyenzi Walitoka Wapi

Je, wajua kwamba ukimuuliza mzee wa Buyenzi kwao ni wapi, huenda akakutajia miji mitatu kwa pumzi moja? Atataja Ujiji. Atataja Kasongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Atataja Unguja, ingawa yeye wala baba yake hawajawahi kuiona bahari. Kisha atakwambia, "Lakini mimi ni mtu wa hapa hapa." Na yote manne yaweza kuwa kweli.

Buyenzi ni mtaa wa Bujumbura ambao asubuhi yake huanza kwa nyundo za mafundi magari na sauti ya adhana, na Kiswahili ndicho lugha ya kibaraza. Hata jina lake limetoka kwingine: Buyenzi yenyewe ni eneo la milima ya kaskazini mwa Burundi, huko Ngozi na Kayanza kwenye mashamba ya kahawa. Wakazi wake wa mwanzo nao walitoka kwingine. Wajerumani walipojenga kambi yao ya kijeshi Usumbura mwishoni mwa miaka ya 1890, walikuja na askari na wapagazi, na nyuma yao wakaja wafanyabiashara, wavuvi, mafundi na wake zao. Mwaka 1916 wakaja Wabelgiji na askari wao kutoka Kongo. Kwa hiyo mji huu, uliokuja kuitwa Bujumbura wakati wa uhuru mwaka 1962, ulianzwa kwa sehemu kubwa na watu waliofika kwa miguu au kwa mtumbwi, na wengi wao hawakuwa na karatasi hata moja yenye jina la mama zao.

Majina ndiyo yanayomkwamisha mtafiti wa nasaba mapema kabisa. Kwa mila ya Kirundi hakuna jina la ukoo linaloshuka kutoka kwa babu hadi mjukuu; kila mtoto hupewa lake. Nyandwi ni mtoto wa saba, Minani wa nane, Bucumi wa kumi. Bukuru na Butoyi ni mapacha, yule aliyetangulia na yule aliyefuata. Nshimirimana ni mtoto ambaye wazazi wake walikuwa wakimshukuru Mungu. Ndugu wanne wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina manne yasiyofanana hata silabi. Jina la Kirundi litakueleza mengi kuhusu siku ya kuzaliwa, lakini babu halimtaji.

Waswahili wa Buyenzi, kwa upande wao, wana mnyororo wa bin na binti: Ramadhani bin Juma bin Feruzi. Mtu akiusikia hudhani kazi imekwisha. Sivyo. Je, wajua kwamba tangu zamani katika ulimwengu wa Kiislamu mtu aliyesilimu mara nyingi aliitwa bin Abdallah, yaani mwana wa mja wa Mungu, kwa kuwa baba yake mzazi hakuwa na jina la Kiislamu? Ukifuata nasaba yako ukaishia kwa fulani bin Abdallah wa Ujiji, usihangaike kumtafuta huyo Abdallah makaburini. Yawezekana hakuwahi kuwapo. Aliyekuwapo ni baba mwingine, mwenye jina la Kibembe au la Kikusu, ambaye hakuna aliyemwandika.

Na Feruzi? Hilo ni jina la kito, kama Almasi. Waliotekwa na kuuzwa walibadilishwa majina wakapewa ya vito, ya bahati kama Baraka na Mabruki, au ya siku kama Juma na Hamisi. Majina hayo baadaye yakawa ya kila mtu, mwungwana na mtumwa, kwa hiyo huwezi kumwangalia Juma wa leo ukasema lolote kuhusu babu yake. Mfano mkubwa kuliko yote ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa akiwa mtoto, akauzwa mpaka India, akarudi Zanzibar akiwa mtu mzima mwenye jina la mji. Ndiye aliyefuatana na wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke, ambao waliondoka Zanzibar Juni 1857 na kufika Ujiji Februari 1858, miezi minane njiani. Alikufa mwaka 1885. Vitabu vinamtaja mara nyingi, na dunia nzima inamjua kwa jina la bandari ya Kihindi.

Neno mwungwana lenyewe lilibadilika njiani. Pwani lilikuwa na maana ya mtu huru, mwenye ukoo unaojulikana. Misafara ya biashara kutoka pwani ilipovuka Ziwa Tanganyika, kila aliyevaa kanzu, aliyejua Kiswahili na kubeba bunduki akaitwa mngwana, hata kama mwenyewe alikuwa mtumwa wa mtu. Ndiyo sababu Kiswahili cha mashariki mwa Kongo kiliitwa Kingwana. Mambo ni hayo hayo kwa jina Manyema. Maniema ni eneo la Kongo, lenye miji ya Kasongo na Nyangwe, lakini huku upande wetu wa ziwa Mmanyema akawa yeyote aliyetoka magharibi: Mkusu, Mbangubangu, Mzimba, Mgoma, Mbwari. Wabwari walitoka rasi ya Ubwari, ambayo Burton na Speke waliidhani ni kisiwa. Makabila kadhaa yakaingia katika neno moja, na neno hilo leo lina msikiti wake Kariakoo, Dar es Salaam. Mtu akikwambia babu yake alikuwa Mmanyema, amekuonyesha mwelekeo wa safari tu. Kijiji bado hujakipata.

Je, wajua kwamba ukoo uliwahi kutungwa, na ukaleta utawala? Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule mfanyabiashara wa misafara aliyeitwa Tippu Tip, anasimulia mwenyewe katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 alikuwa akielekea Utetela. Njiani alisikia kwamba dada wawili wa nyumba ya mtawala wa huko walitekwa miaka mingi nyuma na hawakuonekana tena. Tippu Tip akasema: mmoja wao ndiye bibi yangu mzaa mama, babu yangu alizaa naye, nami ni mjukuu wenu. Mzee Kasongo Rushie akamkubali, akamkabidhi nchi. Nimelifikiria sana tukio hili. Watu hudhani mzee yule alidanganywa kwa urahisi. Mimi naona aliyepotelewa na dada zake yuko tayari kumpokea yeyote anayerudi akilitaja jina lao.

Hata wafalme wa Burundi hawakusalimika na swali hili. Kuhusu Ntare Rushatsi, mwanzilishi wa ufalme, kuna masimulizi ya namna mbili: moja linamleta kutoka Buha, kusini-mashariki, jingine linamleta kutoka upande wa mto Kanyaru na Rwanda. Wanahistoria wamebishana juu yake kwa miaka mingi.

Tatizo hili si letu peke yetu. Wafaransa waliokwenda kuishi Akadia, katika pwani ya mashariki ya Kanada ya leo, walijenga Port-Royal mwaka 1605. Vitabu vingi vya parokia vilipotea, na sensa ya mwaka 1671 ilihesabu watu wasiofika 400 bila kuandika walitoka kijiji gani cha Ufaransa. Mwaka 1755 Waingereza wakaanza kuwafukuza. Baadhi yao waliishia kisiwa cha Belle-Île, Ufaransa, na mwaka 1767 wakaketishwa kila jamaa kwa zamu, wazee wakaapa na kutaja baba, mama, babu na bibi, huku karani akiandika. Maneno hayo ya vinywani leo ni hazina ya watafiti wa nasaba za Akadia. Hata hivyo yalibaki mapengo. Mama mmoja wa mwanzo, Radegonde Lambert, kwa miaka mingi alisemwa kuwa binti wa wenyeji Wamikmaki. Wazao wake kwa njia ya mama walipopimwa vinasaba, majibu yakaelekea Ulaya.

Kwetu vinasaba navyo vimesema kitu. Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa mabaki ya watu 80 wa zamani, wengi wao wa miji ya Waswahili kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Ilionekana kwamba kuanzia takriban mwaka 1000 wanaume wenye asili ya Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika wa pwani. Wazee waliodai Ushirazi, yaani asili ya Uajemi, hawakusema uongo. Lakini upande wa mama, karibu wote ni Waafrika, na katika masimulizi ya nasaba upande huo ndio uliokuwa ukirukwa. Nasaba ya bin humtaja baba na kumwacha mama nje ya mlango.

Hapo ndipo Buyenzi inaponigusa. Mababu wa misafara walikuwa na majina, hata yakiwa ya kupewa. Bibi waliochukuliwa njiani, Uzimba au Ubwari, ndio walioacha alama zisizoandikwa. Ziko jikoni. Pwani majani ya muhogo ni kisamvu. Bujumbura, kama Kongo, ni sombe. Aliyelileta neno hilo hadi kwenye chungu chako hakuwa sultani wala nahodha. Ziko pia katika nyimbo za kubembeleza mtoto, katika namna ya kumwita mjomba, katika mwiko wa samaki fulani ambao nyumba moja inaushika na jirani hana habari nao.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama bibi yako yu hai, nenda kwake wiki hii na daftari. Usimuulize kabila, atakupa neno kubwa lisilosaidia. Muulize mama yake aliitwa nani alipokuwa mtoto, kabla ya jina la Kiislamu au la ubatizo. Muulize wimbo gani aliimbiwa, na maneno gani ya wimbo huo hayaelewi. Muulize walivuka ziwa kutokea ufuko upi, na nani alikufa njiani. Andika kama anavyotamka, bila kumsahihisha, kisha weka tarehe chini ya ukurasa na jina lake kamili.