Kampala: Mwalimu Mkongo anayefundisha Kiingereza cha safari kwa watu ambao safari yao imesimama

Ni saa nane mchana katika mtaa wa Nsambya, mjini Kampala. Mvua inapiga mabati ya kanisa dogo kiasi kwamba hakuna anayesikia kitu. Mwalimu ananyamaza, anachukua chaki na kuandika ubaoni maneno mawili: "assist" na "witness". Kisha anangoja. Wanafunzi wake kumi na wanane, mdogo wao akiwa na miaka 16 na mkubwa amekwisha pita 60, wanayanakili maneno hayo kwenye madaftari.

Mvua inapopungua, anaeleza. Kwa Kifaransa, mtu aliyekuwepo tukio lilipotokea anasema "j'ai assisté", yaani nilikuwepo, nilishuhudia. Mkongo aliyepita shule akikwama kwenye Kiingereza huchukua neno la Kifaransa, akalikata mkia, akaomba Mungu. Basi anapoulizwa kwenye mahojiano ya dosie yake aliona nini siku kijiji chao kiliposhambuliwa, anajibu kwa fahari, bila kumngoja mkalimani: "I assisted." Anayeandika upande wa pili wa meza amesikia mtu akikiri kwamba alisaidia kuua.

Hakuna anayecheka. Mama mmoja kwenye benchi la nyuma anafuta kitu kwenye daftari lake.

Mwalimu huyo ni kijana wa Bukavu mwenye umri wa miaka 29. Ameomba jina lake lisiandikwe kwa sababu dosie yake mwenyewe bado haijafungwa. Mtaani pia hakuna anayelitumia. Watoto, wenye maduka, hata mwenye nyumba anapokuja kudai kodi, wote wanamwita Ticha. Nasi tutamwita hivyo.

Alivuka mpaka wa Rusizi mwaka 2018, akapita Kigali na Gatuna kwa basi, akashuka Kampala alfajiri na mfuko mmoja. Ndani ya mfuko kulikuwa na nguo, picha mbili na diploma ya ualimu wa Kiingereza. Kwa hesabu zake, lugha ndiyo ingekuwa kitu pekee kisichomsumbua.

Siku hiyo hiyo mlinzi wa jengo moja alimwambia "well done". Ticha akageuka kuangalia amefanya nini. "Mi nilikuwa nimesimama tu," anakumbuka. Ilimchukua wiki kuelewa kwamba ni salamu: kwa Luganda mtu husalimiwa kwa kupongezwa kazi yake, na watu wa Kampala wameihamisha salamu hiyo moja kwa moja kwenye Kiingereza. Baadaye jirani ambaye hakuwa amemwona kwa siku kadhaa alimwambia "you are lost". Ticha alikuwa analala kwenye sakafu ya rafiki, hana kazi, hana karatasi, naye alihisi ametukanwa. Kumbe alikuwa anaambiwa kile kile tunachoambiana sisi kila siku: umepotea! Kwa Kiswahili angecheka. Kwa Kiingereza alienda kukaa peke yake.

Leo maneno hayo ni sehemu ya somo lake. Anawafundisha wanafunzi Kiingereza cha vitabu, halafu anawafundisha kile watakachokisikia kwenye teksi.

Kifaransa ndicho kinacholipa kodi

Uganda ndiyo nchi ya Afrika inayopokea wakimbizi wengi kuliko zote, zaidi ya milioni 1.5, na Wakongo ni wa pili kwa wingi baada ya watu wa Sudani Kusini. Sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa haki ya kufanya kazi na kutembea nchini, jambo ambalo nchi nyingi tajiri haziruhusu kirahisi hivyo. Walio wengi wanaishi kwenye makazi ya vijijini kama Nakivale, Kyaka II au Kyangwali. Anayechagua Kampala anajitegemea: hakuna chakula cha msaada, hakuna shamba, kodi inakuja kila mwezi.

Ruhusa ya kufanya kazi haikumpa Ticha kazi. Diploma yake imeandikwa kwa Kifaransa. Ili itambuliwe inabidi itafsiriwe, ilinganishwe na vyeti vya Uganda, kisha mwenyewe aandikishwe kama mwalimu, na kila mlango kati ya hiyo una malipo yake. Shule moja ya binafsi ilimjaribu kwa wiki mbili. Mkuu wa shule alimwambia kwa upole kwamba wazazi wanalalamikia namna anavyotamka. Herufi "h" ilikuwa inamponyoka, kama inavyotuponyoka wengi tuliolelewa na Kifaransa: "house" inatoka mdomoni haina kichwa.

Kwa hiyo asubuhi, kabla ya yote, Ticha anafundisha Kifaransa. Anaamka saa kumi na moja, anachota bidoni mbili za maji, anakunywa chai kavu na kupanda kwa miguu hadi Muyenga, kilima ambacho watu wa Kampala wanakiita kilima cha matajiri. Huko kuna familia ya Waganda inayotaka watoto wake wawili wajue Kifaransa. Wanalipa vizuri na kwa wakati. Miaka yote ya chuo alikesha akisoma Kiingereza; chumba chake kimoja kinalipiwa na Kifaransa ambacho hana cheti chake hata kimoja. Nilipomwambia kwamba jambo hilo linachekesha, alinijibu kwamba mama yake alicheka pia, kwenye simu, mpaka salio likakatika.

Saa sita anateremka. Boda-boda, wale ambao kwetu tunawaita motari, wangemfikisha kwa dakika chache, lakini nauli hiyo ni chakula cha usiku. Chakula chenyewe ni bugali na mukene, samaki wadogo wa ziwa Victoria. Kila Mkongo wa Kivu aliyeko Kampala atakuambia wanafanana na sambaza, kisha atakaa kimya kidogo na kuongeza kwamba si sambaza.

Darasa la mchana ni la Wakongo wenzake. Ada ni shilingi 30,000 za Uganda kwa mwezi, karibu dola nane, kwa anayeweza. Asiyeweza hatoki darasani. Kinyozi mmoja analipa kwa kumnyoa. Mama mmoja anayetembeza vitenge mjini, kazi ya Wakongo wengi hapa, alimshonea shati ambalo Ticha analivaa kila Jumatatu ili mama huyo alione.

Somo la kwanza ni ukoo

Nilitarajia mwanafunzi mpya aanze na salamu. Ticha anaanza na jamaa. Anachora mti ubaoni na kuuliza: mtoto wa baba yako mdogo ni nani? Darasa lote linajibu: ni ndugu yangu! Anatikisa kichwa. Kwenye fomu ya Kiingereza huyo ni "cousin". Na watoto wa marehemu kaka yako, uliowalea tangu wakinyonya? Ni watoto wangu. Anatikisa kichwa tena. Ni "nephew" na "niece".

Kwa aliye nyumbani, hilo ni somo la msamiati tu. Kwa mkimbizi, mtu aliyeandikisha watoto sita kama wake, kisha miaka mitatu baadaye akaeleza kwamba wawili ni wa marehemu kaka yake, anaonekana amedanganya. Dosie inaweza kukaa mezani miaka kwa sababu ya neno moja ambalo kwa Kiswahili lilikuwa kweli tupu. Mzee mmoja darasani alikataa kata kata. Hawezi, alisema, kumwita binti yake "niece" mbele ya binti mwenyewe. Binti alikuwa ameketi pembeni yake, naye anasoma pia. Ticha hakubishana. Alimwambia: "Papa, neno hilo ni la karatasi. Nyumbani muite kama ulivyozoea."

Ni kazi inayomfanya ajue mengi kuliko anavyotaka. Anayejifunza wakati uliopita kwa Kiingereza anahitaji kitu cha kusimulia, na watu hawa wana kitu kile kile. Mwanzoni Ticha aliwaambia waandike sentensi kumi kuhusu siku moja ya zamani. Alirudi nyumbani na madaftari, akayasoma kwa mwanga wa simu, akashindwa kulala. Siku hizi anawaambia waandike kuhusu harusi.

Baada ya Januari

Kwa miaka mingi darasa hili lilikuwa na mwelekeo mmoja: Marekani. Katika mwaka wa bajeti wa 2024 nchi hiyo ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na Wakongo walikuwa wengi kuliko taifa lingine lolote, karibu 20,000. Ticha alikuwa na somo maalumu la uwanja wa ndege: pasi, mkanda wa kiti, mzigo uliopotea, namna ya kuomba maji. Alipanga viti vya kanisa mistari miwili kama ndani ya ndege, na wasichana waligombania kuwa wahudumu. Ndilo somo walilolipenda kuliko yote.

Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Hata waliokuwa na tarehe ya ndege walifutiwa safari. Wiki moja baadaye waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, na katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Mwezi wa Oktoba Washington ilitangaza nafasi 7,500 tu kwa mwaka wa bajeti wa 2026, idadi ndogo kuliko zote tangu sheria ya wakimbizi ya 1980, nyingi kati ya hizo zikielekezwa kwa Makaburu wa Afrika Kusini.

Darasani mambo hayo mawili yalikutana. Mwezi wa Februari wanafunzi walibaki watano. Baba mmoja aliyekuwa ameuza godoro na sufuria zake akingoja ndege alikuja kuomba arudishiwe ada ya mwezi, na Ticha akamrudishia. Kisha, kidogo kidogo, benchi zikajaa tena: watu wapya kutoka Goma, kutoka Bukavu, wengine wa mtaa aliozaliwa Ticha mwenyewe, wakileta habari ambazo hakuwa amewauliza.

Hao hawakuhitaji Kiingereza cha ndege. Walihitaji cha leo jioni: kumweleza muuguzi mtoto ameanza kuharisha lini, kusoma barua ya shule, kumwomba mwenye nyumba wiki moja zaidi. Ticha aliyaandika upya masomo yake yote. La uwanja wa ndege hakulichana. Liko kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda. Mara moja moja mtu wa zamani anamuuliza, "Ticha, ile ya ndege tutairudia lini?" Anajibu kwamba bado wanamalizia hospitali.

Nilimuuliza kuhusu mahojiano yake mwenyewe. Nilidhani ndiyo siku aliyong'aa: mwalimu wa Kiingereza mbele ya maofisa wa Kiingereza. Aliangalia mikono yake, ikiwa nyeupe kwa chaki, kabla ya kujibu. Siku ile aliomba mkalimani wa Kiswahili. Ofisa alishangaa, kwa sababu kwenye fomu kazi yake ilikuwa imeandikwa. "Kwa Kiingereza ningeyasema yote bila kutoa chozi," aliniambia. "Wangefikiri nadanganya."

Hakuniambia hayo "yote" ni nini, nami sikuuliza.

Usiku, chumbani, simu yake inajaa jumbe za sauti. Baadhi zinatoka kwa waliowahi kuondoka kabla mlango haujafungwa. Mmoja yuko Kentucky, anafanya kazi kwenye ghala. Alimsalimia bosi wake "well done" kama alivyozoea Kampala. Bosi alifurahi mno, na sasa kila asubuhi anapita makusudi mbele yake. Ticha alinichezea sauti hiyo mara mbili.

Mvua ya Nsambya imerudi kabla ya kipindi kuisha. Mama wa benchi la nyuma, yule aliyefuta kwenye daftari, anainua mkono kwa mara ya kwanza siku hiyo. Anataka kujua namna ya kumwambia mwenye nyumba kwamba nyumba inavuja, lakini bila kumkasirisha, maana ana deni la mwezi mmoja. Ticha anaandika ubaoni: "Please, sir, the roof is leaking." Wanarudia wote, mara ya kwanza kwa woga, mara ya pili kwa nguvu kushinda mabati. Tone moja linaanguka kwenye meza ya mbele, kisha lingine. Bila kuacha kuwaongoza, Ticha anashika benchi upande mmoja, kijana mmoja anashika upande wa pili, wanalisogeza hatua mbili kuelekea ukutani.