Mteremko wa Kyela: kazi ya paja, goti na sukari ya damu

"Ukishafika juu, kilichobaki ni kuteremka tu." Ndivyo wanavyosema wengi wanaopanga kutembea kwa miguu kutoka nyanda za juu za Rungwe au Makete hadi Ziwa Nyasa, na ndiyo sababu wengi wao huamka kesho yake Matema, ufukweni Kyela, wakishindwa kukaa kwenye kigoda bila kushika ukuta. Kuteremka ni kazi. Inautumia mwili kwa namna tofauti kabisa na kupanda, na ina faida ambazo anayepanda hazipati kwa kiwango hicho.

Uso wa Ziwa Nyasa uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Tukuyu iko kama mita 1,500, na uwanda wa Kitulo, uliotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 na unaojulikana pia kama Bustani ya Mungu, unafika mita 2,600. Tofauti hii ni kazi ya Bonde la Ufa. Ardhi ilipasuka, upande mmoja ukazama na kujaa maji ambayo kina chake kinafikia takriban mita 700, upande wa pili ukabaki umesimama na ndiyo Safu ya Livingstone tunayoiona ikichomoza moja kwa moja kutoka majini pale Matema. Upepo wenye unyevu kutoka ziwani ukikutana na kuta hizo hupanda, hupoa na kumwaga mvua. Kwa hiyo pembe hii ya ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili njia za udongo huteleza kiasi cha kumwangusha hata mwenyeji. Kipindi kizuri cha kutembea ni Juni hadi Septemba.

Anayetoka Tukuyu kupitia Masoko hadi Ipinda huanza katikati ya chai na migomba, kisha huingia kwenye mikakao iliyopandwa chini ya vivuli, na kumalizia kwenye mashamba ya mpunga na michikichi. Wenzetu wa Ulaya husifia njia zao za vilima vyenye mizabibu. Mzabibu unapenda ukavu, ndiyo maana kwetu uko Dodoma. Kyela ungeliwa na ukungu. Njia ya kupita chini ya kakao haina upungufu wowote mbele ya ile ya mizabibu, na kwa mtembeaji ina jambo moja la ziada: kivuli.

Sasa tuangalie paja. Unapopanda, misuli ya mbele ya paja hujikunja ikifupika, ikikusukuma juu. Unapoteremka, misuli ileile inakaza huku ikivutwa na kurefuka, kwa sababu kazi yake ni kuzuia uzito usikuporomoshe. Ni kama lori linaloshuka mteremko wa Kitonga kwa gia nzito: halihitaji mafuta mengi, lakini vyuma vinabeba mzigo mkubwa. Kwa hiyo mtu anayeteremka hapumui kwa shida, moyo wake haudundi sana, naye hudhani hafanyi kitu, kumbe ndani ya nyuzi za misuli kuna michaniko midogo isiyoonekana kwa macho.

Michaniko hiyo ndiyo chanzo cha maumivu. Huanza taratibu, hukolea kati ya saa 24 na 72, kisha huisha yenyewe. Watu wengi huilaumu asidi inayojaa kwenye misuli, lakini asidi hiyo huondolewa na mwili ndani ya saa moja au mbili baada ya kupumzika, haiwezi kuwa ndiyo inayokuuma siku ya pili. Jambo la kutia moyo ni kwamba misuli hujifunza upesi. Mteremko mmoja tu huikinga kwa wiki kadhaa, na safari inayofuata maumivu huwa madogo sana. Mtu anayepanga kutoka Kitulo hadi Matema ateremke kwanza kilima kifupi cha karibu na nyumbani, wiki moja au mbili kabla.

Faida kubwa ninayotaka wasomaji waijue ni ya sukari. Mwaka 2004, daktari Heinz Drexel na wenzake wa Austria waliripoti jaribio walilofanya kwenye milima ya Alpi. Watu 45 wenye afya, wasio na mazoea ya mazoezi, walipanda mlima kwa miguu na kushuka kwa gari la kamba kwa miezi miwili, kisha wakafanya kinyume chake kwa miezi mingine miwili. Kupanda kulipunguza aina ya mafuta ya damu iitwayo trigliseridi. Kuteremka kuliufanya mwili umudu vizuri zaidi sukari iliyoingia kwenye damu. Lehemu mbaya ilipungua kwa njia zote mbili. Mwaka 2017 watafiti wa Taiwan walichapisha matokeo ya wanawake wazee wanene waliotumia ngazi kwa wiki 12: walioshuka tu walipata nafuu kubwa zaidi kuliko waliopanda tu, katika nguvu za miguu na katika namna mwili unavyoitumia insulini.

Kwa Tanzania hili si jambo dogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa takriban asilimia 9 ya watu wazima wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari. Mtu mzima ambaye moyo wake hauwezi kumpandisha mlima bado anaweza kupandishwa kwa bodaboda na kurudi kwa miguu taratibu, baada ya kushauriana na daktari wake. Kama anatumia dawa za kushusha sukari, asiondoke bila kitu kitamu mfukoni. Ndizi mbivu inafaa, na njiani kote zipo. Naona ni hasara halmashauri zetu kuzihesabu njia za miguu kuwa mabaki ya wakati ambao barabara hazikuwepo, wakati zinaweza kulindwa kama zinavyolindwa visima.

Wapo wanaoifanya kazi hii ya kuteremka kila wiki bila kuiita mazoezi. Jumamosi ni siku ya soko jirani na Matema. Wanawake wa Kikisi huleta kwa mitumbwi vyungu walivyofinyanga Ikombe, na watu wa milimani huteremka na mizigo yao. Mwangalie mama mwenye mzigo kichwani akishuka: hatua zake ni fupi, goti halinyooki kabisa, na kichwa hakipandi wala kushuka. Mwaka 1986 watafiti waliowapima wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya waliandika katika jarida la Nature kwamba waliweza kubeba hadi sehemu ya tano ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada. Vipimo vya baadaye Afrika Kusini vilikuta tofauti kubwa kati ya mtu na mtu, hivyo tusidhani kila mbebaji ana akiba hiyo. Isitoshe, wale wa Kenya walipimwa mahali tambarare. Kwenye mteremko kila kilo ya mzigo inaongezeka kwenye kazi ya kuzuia, na goti ndilo linalolipa.

Yaige magoti ya yule mama. Hatua ndefu humfanya mtu atue kwa kisigino na mguu ulionyooka, na kishindo chote huishia kwenye gegedu. Fimbo mbili za mwanzi, zinazofika kiunoni au juu kidogo, huhamishia sehemu ya uzito mikononi. Kamba za viatu zikazwe vizuri juu ya wayo ili vidole visigonge mbele. Kucha nyeusi za Matema nyingi zimetokana na viatu vilivyolegea.

Halafu kuna joto. Joto la hewa huongezeka takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazoshuka, kwa hiyo kutoka Kitulo hadi ziwani ni ongezeko la nyuzi 13 hivi. Kyela pia ina unyevu mwingi, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Kunywa maji kidogo kidogo mapema, na utazame mkojo: ukiwa na rangi ya chai, umechelewa. Mwenzenu akianza kuongea ovyo au kupepesuka, mwekeni kivulini, mmwagieni maji na kumpepea, kisha mpelekeni hospitali.

Kando ya mito yenye maporomoko kama Kiwira na Mbaka kuna inzi wadogo weusi wanaouma mchana na kueneza usubi, ugonjwa unaoweza kuleta upofu. Ili augue, mtu hana budi kuumwa mara nyingi, hivyo hatari iko zaidi kwa wakazi, ambao wamekuwa wakipewa dawa ya ivermektini. Mpita njia avae mikono mirefu. Ziwani kuna kichocho. Vimelea vyake hupenya ngozi kwa dakika chache, zaidi mchana jua linapowaka, na miguu iliyochoka ndipo inapotamani maji. Aliyeoga apime baada ya wiki sita hadi nane; dawa ya prazikwanteli hutibu.

Malaria ndiyo inayowadanganya zaidi watu wa Mbeya mjini na Makete, ambao miili yao haina kinga ya wakazi wa Kyela. Mbu wa Matema akikuuma usiku, homa huja baada ya wiki moja au zaidi, ukiwa umesharudi kwenye baridi ambako mafua hudhaniwa kwanza. Lala ndani ya chandarua kilichotiwa dawa, na ukipata homa mwezi huo, nenda kituo cha afya, omba kipimo cha malaria na umweleze mhudumu kwamba ulilala Kyela.