Redio ya Dharura kwa Watu wa Milimani

Mawimbi ya FM hayapatani na milima, na Kwai ni milima mitupu. Kata hii ya Wilaya ya Lushoto iko Usambara Magharibi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,600, katikati ya migongo na mabonde yanayolimwa kabichi, karoti na viazi. Aliyejenga juu mgongoni hushika stesheni kadhaa bila taabu. Jirani yake wa bondeni, umbali wa kuitana tu, anaambulia mkwaruzo. Umeme ukiwepo, hilo halimsumbui sana, kwani kuna televisheni na kuna simu. Lakini umeme ukikatika siku ya pili mfululizo, mvua za masika hazijapumua na udongo umemwagika kwenye barabara ya kushuka Soni hadi Mombo, ndipo redio iliyonunuliwa bila kufikiri inapomwangusha mwenyewe.

Mambo haya hutokea. Alfajiri ya tarehe 1 Aprili 2024 gridi ya Taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani. Mwanzoni mwa Mei mwaka huohuo Kimbunga Hidaya kilifika pwani karibu na Mafia. Tarehe 12 ya mwezi huo nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari zikakatika, intaneti ikadorora Afrika Mashariki nzima. Watu wa Unguja wana kumbukumbu nzito zaidi: umeme unaotoka bara ulikatika Mei 2008 na kisiwa kikakaa takriban mwezi mmoja bila gridi, kisha ukakatika tena Desemba 2009 hadi Machi 2010.

Simu haitoshi kwa siku za namna hiyo. Mnara wa simu una betri na pengine jenereta, lakini betri huisha na mafuta hupelekwa kwa gari, kwa barabara ileile iliyofungwa. Tena mnara mmoja huhudumia eneo dogo lililouzunguka. Kituo cha redio chenye mtambo mkubwa Mwanza au Nairobi hakiguswi na giza la Lushoto. Kinaendelea kutangaza, na anayekihitaji ni yule mwenye chombo cha kukipokea.

Chombo hicho kichaguliweje? Wauzaji wengi huanza na tochi, king'ora na nafasi ya memori kadi. Mimi naanza na mawimbi, kwa sababu milimani ndiyo yanayoamua.

FM hutumia masafa ya megahezi 88 hadi 108, na urefu wa wimbi lake ni kama mita tatu. Wimbi fupi hivyo husafiri karibu kama mwanga wa tochi: likikuta kilima, nyuma yake linaacha kivuli. Masafa ya kati, yale yanayoandikwa AM au MW kwenye redio, yana mawimbi marefu zaidi kwa mbali. Radio Free Africa ya Mwanza ilijulikana kwa miaka mingi kwenye kilohezi 1377, na wimbi la masafa hayo lina urefu wa karibu mita 218. Wimbi kubwa hivyo hupinda, likatambaa na umbo la ardhi na kushukia bondeni ambako FM haifiki.

Usiku masafa ya kati hupata nguvu nyingine. Mchana jua huunda tabaka la chini la ionosfia, kilomita 60 hadi 90 hivi juu yetu, na tabaka hilo humeza mawimbi ya kati yanayopanda angani. Jua likizama, tabaka hilo hufifia. Mawimbi yanapita, yanafika kwenye matabaka ya juu zaidi, yanarudishwa ardhini mamia ya kilomita kutoka yalikotoka. Ndiyo sababu saa mbili usiku mtu wa Kwai anaweza kushika stesheni ambayo saa sita mchana haikuwepo kabisa. Masafa mafupi, yaani SW, hutegemea ionosfia hiyohiyo na kuvuka mabara. Kwa miongo mingi Deutsche Welle, iliyoanza idhaa ya Kiswahili mwaka 1963, ilifika hadi vijiji vya ndani kabisa kwa njia hiyo.

Kuna jambo moja zuri ambalo watu wachache hulitarajia. Adui mkubwa wa masafa ya kati nyumbani ni vifaa vya umeme: taa za LED za bei rahisi, chaja, televisheni, inveta ya sola. Vyote hivyo hutoa kelele inayoingia redioni. Umeme ukikatika bonde zima, kelele hiyo hufa kwa mkupuo. Redio inasikika vizuri kuliko siku zote saa ileile inapohitajika zaidi.

Kwa hiyo redio isiyo na masafa ya kati, hata iwe nzuri namna gani kwa FM, siiiti redio ya dharura ya milimani. Na ukinunua yenye masafa hayo, jifunze kuigeuza. Ndani yake kuna kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya, ambacho ndicho antena ya AM. Ile ya kuvuta juu ni ya FM na SW. Ukigeuza redio yote polepole, sauti hupanda na kushuka hadi utakapopata upande wake.

Redio zilizotengenezwa kwa soko la nchi nyingine zina mitego. Kitufe cha WB, kinachosifiwa sana kwenye maboksi, hupokea matangazo ya hali ya hewa ya Marekani kwenye megahezi 162 na ushei. Lushoto hakitashika chochote, kwa kuwa tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa hapa kwetu hupitia stesheni za kawaida. Redio ya kidijitali ya Marekani pia huruka kilohezi 10 kila hatua kwenye masafa ya kati, wakati stesheni za Afrika zimepangwa kwa hatua za 9. Ukitafuta 1377 itakupa 1370 au 1380, na sauti itakuwa imepinda. Nyingi zina sehemu ya kubadilisha hatua hizo. Muulize muuzaji akuonyeshe. Aliyewahi kununua gari lililotoka Japani anaujua mkasa mwingine, wa FM inayoishia megahezi 90 na kuacha stesheni zetu nyingi nje.

Sasa chakula cha redio. Mwaka 1991 mvumbuzi Mwingereza Trevor Baylis alitazama kipindi cha televisheni kuhusu UKIMWI barani Afrika, akasikia kwamba elimu ingefika kwa redio kama watu wangemudu betri. Akabuni redio ya kukaza springi kwa mkono, na katikati ya miaka ya 1990 ikaanza kutengenezwa Cape Town kwa jina la Freeplay. Aliona sawasawa. Tanzania ilikuwa imeshaonyesha nguvu ya redio ya betri mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipokusanya watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza na kujadili, wengi wao vijijini kusikokuwa na nguzo hata moja ya umeme.

Redio za kuzungusha za siku hizi hazina springi. Zina dainamo ndogo inayochaji betri. Tufanye hesabu. Redio ndogo kwa sauti ya chini hutumia kama wati 0.2. Mkono ukizungusha, wati mbili hivi huingia kwenye betri. Dakika moja ya kuzungusha basi ni kama dakika kumi za kusikiliza, na hiyo ni biashara nzuri. Lakini boksi linapoahidi kwamba mpini huohuo utachaji simu, usilisadiki: betri ya simu ya kisasa ina wati-saa 18 hivi, yaani utazungusha saa tisa bila kupumzika.

Sola iliyobandikwa mgongoni mwa redio nayo ipimwe hivyohivyo. Paneli ya ukubwa wa viganja viwili vya mtoto hutoa takriban wati 0.3 kwenye jua kali. Ile betri bapa ya BL-5C, iliyoanzia kwenye simu za Nokia na sasa imo katika redio nyingi ndogo, hubeba wati-saa karibu nne. Kuijaza kunataka zaidi ya saa 12 za jua la wazi. Kwai, ukungu wa Juni na Julai unapolala bondeni hadi karibu adhuhuri, hizo ni siku kadhaa.

Ndiyo maana nashikilia betri za kawaida za kubadilisha. Betri mbili kubwa za saizi D za alkalaini zinaweza kuipa redio ya wati 0.2 zaidi ya saa mia moja. Nunua alkalaini ukimudu, kwani zile za bei ya chini zina kopo la zinki linalolika kadiri betri inavyofanya kazi. Mwisho hutoboka, na majimaji yake huozesha springi za ndani ya redio. Za aina yoyote zitunzwe nje ya redio, mahali pakavu. BL-5C isiachwe tupu mwaka mzima, itakufa. Iwekwe na chaji ya nusu na kuongezwa kila baada ya miezi michache.

Kabla ya kulipa, omba kuijaribu nyumbani kwako. Duka la Lushoto mjini liko bonde lingine, na kinachosikika pale hakikuhakikishii lolote. Bondeni kunakosumbua, waya wa mita tano hadi kumi ulioshikizwa kwenye antena ya kuvuta na kutupwa juu ya mti huongeza sana usikivu wa masafa mafupi. Wanaopiga kambi pembeni mwa msitu wa Magamba au njia ya Mtae wataupenda waya huo, ila radi huupenda pia. Masafa ya kati hutoa ishara mapema: kila radi, hata iliyo makumi ya kilomita mbali, hupasua sauti kwa mlio mfupi mkavu. Milio hiyo ikianza kusogeleana, chomoa waya, ushushe antena, usikilize kwa kijiti cha ndani peke yake.