Usiitupe Sifuri ya Mbele

Andika Burgao, ule mji wa Wabajuni kusini mwa Kismayo nchini Somalia, kisha hifadhi faili. Ndani ya kompyuta hakuna herufi. Kuna baiti sita, kila moja ikiwa na biti nane za sifuri na moja. B ni 01000010. Kurasa nzima za namna hiyo hazisomeki, ndiyo maana waandishi wa programu huzigeuza kuwa heksadesimali, yaani namba za msingi wa 16: tarakimu 0 hadi 9, halafu A hadi F badala ya 10 hadi 15.

Gawa baiti katikati. 0100 ni 4 na 0010 ni 2, kwa hiyo B ni 42. Herufi o ni 01101111: 0110 ni 6, 1111 ni 15, basi 6F. Jina zima ni 42 75 72 67 61 6F. Biti nne hupangika kwa namna 16 tu, kwa hiyo kila nusu ya baiti hupata tarakimu moja na hakuna kinachobaki. Kurudi ni kwa njia ileile.

Faida ya heksadesimali huonekana pale maandishi yanapovurugika. Jina la Chula, kisiwa cha Wabajuni, likiandikwa kwa herufi za Kiarabu, ch yake, ile چ yenye nukta tatu, huhifadhiwa katika UTF-8 kama DA 86. Programu inayosoma kwa mpangilio wa zamani wa Windows itakuonyesha Ú†. Wengi hufuta faili hapo, wakidhani limeharibika. Tazama baiti kwanza! Zikiwa bado DA 86, maandishi ni mazima na programu inayoyasoma ndiyo iliyokosea. Wabajuni wengi walitawanywa na vita vya Somalia tangu 1991. Orodha ya maneno yao haistahili kufutwa kwa kosa dogo kama hilo.

Kosa ninalolichukia zaidi ni la sifuri. Mwisho wa mstari katika faili za Windows ni baiti mbili, 0D 0A. Katika JavaScript, toString(16), inayogeuza namba kuwa heksadesimali, huandika d na a peke yake, bila sifuri ya mbele. Ukiziunganisha unapata da, yaani DA, baiti moja, mwanzo wa چ ambayo haipo. Chula na Burgao, zilizokuwa mistari miwili, sasa zimetenganishwa na takataka. Ingepotea sifuri moja tu, idadi ya tarakimu ingekuwa witiri na fromhex ya Python, inayogeuza heksadesimali kurudi kuwa baiti, ingekataa. Zikipotea mbili, inapokea bila kulalamika. Kwa hiyo ongeza padStart(2, "0") kwa kila baiti kabla ya kuunganisha, kisha geuza matokeo kurudi kuwa baiti na uyalinganishe na faili la awali.