Magari-nyumba ya Marekani: Faida iko kwenye kiwanja

Habari za Wamarekani wanaoishi na kufanya kazi ndani ya magari-nyumba katika kambi za milimani zimewafanya wengi waamini kwamba fedha za biashara hiyo ziko kiwandani. Wiki hii ukurasa huu unapiga hesabu kwa kutumia eneo moja: milima ya Great Smoky, kwenye mpaka wa majimbo ya Tennessee na North Carolina.

Gari-nyumba ni gari au tela lenye kitanda, jiko, choo na matangi ya maji. Mengi hutengenezwa Elkhart na maeneo jirani, katika jimbo la Indiana. Mwaka 2021, wakati kazi nyingi za ofisi zilikuwa zimehamia nyumbani kwa sababu ya Uviko-19, viwanda vilipeleka sokoni magari zaidi ya 600,000, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa. Mwaka 2023 vilipeleka takriban 313,000 tu.

Riba ilichangia sana. Benki Kuu ya Marekani ilianza kuipandisha Machi 2022 kutoka karibu na sifuri, na katikati ya 2023 ilikuwa imevuka asilimia 5. Tuchukue mfano wa mkopo wa dola 80,000 wa miaka 15. Kwa riba ya asilimia 4 mkopaji hulipa kama dola 592 kwa mwezi. Kwa asilimia 8 hulipa kama dola 765, na hadi mwisho atakuwa ametoa zaidi ya dola 137,000. Wakati huo gari linachakaa na bei yake inashuka haraka, hivyo katika miaka ya mwanzo ni jambo la kawaida deni kuwa kubwa kuliko bei ya gari lenyewe. Akitaka kuuza, lazima aongeze fedha mfukoni ili benki imwachie.

Sasa twende msituni. Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains, iliyoanzishwa 1934, ilitembelewa zaidi ya mara milioni 12 mwaka 2024. Haina kiingilio, tangu Machi 2023 hutoza maegesho, dola 5 kwa siku au dola 40 kwa mwaka. Kambi zake, kama Elkmont na Smokemont, ziko chini ya miti mikubwa kando ya vijito, na mandhari yake hayana mfano. Lakini hakuna umeme wala bomba la maji la kuunganisha kwenye gari, jenereta huwashwa kwa saa maalum, na kuna kikomo cha siku 14 mfululizo. Miti inayoleta utulivu ndiyo inayozuia jua lisifike kwenye paneli za sola, na ndiyo inayoziba anga ambalo antena ya intaneti ya setilaiti inalihitaji. Mtu mwenye kikao cha kazi saa tatu asubuhi hawezi kutegemea mahali hapo.

Anatoka nje ya lango. Huko Townsend, Pigeon Forge na Cherokee kuna wenye viwanja binafsi wanaouza kile ambacho msitu hauna: umeme, maji, intaneti na ruhusa ya kukaa kwa miezi. Umeme wa huko ni volti 120. Soketi ya ampea 30 hutoa wati 3,600, maana yake hita ya wati 1,500, birika la wati 1,500 na oveni ndogo vikiwashwa pamoja, umeme unajikata. Soketi ya ampea 50 ina nyaya mbili za moto na hutoa wati 12,000, ndiyo maana nafasi zake huuzwa ghali zaidi. Mpangaji wa mwezi mara nyingi husomewa mita peke yake. Kuta za gari ni nyembamba na mabomba huganda, kwa hiyo gharama ya baridi yote ya milimani inabaki kwake.

Baadhi ya kambi huajiri watu wanaoishi kwenye magari yao, wakasafisha vyoo na kupokea wageni kwa malipo ya nafasi ya bure. Hapa hesabu ifanywe kwa saa. Tuseme nafasi hupangishwa dola 800 kwa mwezi. Kwa kazi ya saa 80, malipo ni dola 10 kwa saa. Kwa saa 120 ni dola 6.67, chini ya kima cha chini cha dola 7.25 kinachotumika katika majimbo yote mawili.

Mwenye kiwanja naye ana hatari zake. Milimani, ardhi tambarare hupatikana zaidi kando ya mito, na kambi hujengwa hapo. Septemba 2024 mafuriko ya kimbunga Helene yaliharibu mabonde ya magharibi mwa North Carolina, na sehemu ya barabara kuu ya I-40 karibu na Tennessee ilifungwa hadi Machi 2025. Kabla ya hapo, Novemba 2016, moto ulioanzia hifadhini uliingia Gatlinburg na kuua watu 14. Anayetaka kununua kambi aanze na ramani ya mafuriko na bei ya bima, kisha ndipo aangalie mandhari.

Kwa wanunuzi wa hisa, Thor na Winnebago ni watengenezaji walioko soko la New York, na mauzo yao huelekea kushuka riba inapopanda. Upande wa viwanja wapo Equity LifeStyle na Sun Communities, kampuni za majengo ambazo kisheria hugawa angalau asilimia 90 ya mapato yanayotozwa kodi. Hizo hukusanya pia kodi kutoka vitongoji vya nyumba za kiwandani zisizohama, kwa hiyo bei ya hisa zake si kipimo cha kambi peke yake. KOA, yenye mabango mengi barabarani, ni kampuni binafsi na hisa zake haziuzwi sokoni.